Panga la Mama, Kikohozi cha Baba

Siku hizi nanunua nyama iliyofungwa kwa nailoni, imelala kwenye kisahani cheupe na karatasi ya bei tumboni. Hakuna wa kusalimiana naye, na hakuna nyongeza. Hilo la nyongeza ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu aliyelelewa na bucha haondoki dirishani upesi. Hungoja kidogo, macho kwa muuzaji, mpaka kile kipande cha mwisho kitupwe juu ya nyama baada ya mizani kutulia. Nimewahi kusimama hivyo mbele ya friji la duka kubwa hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo.

Bucha yetu ilikuwa Kibera, upande wa Soweto West, kwenye njia ya kwenda Ayany, mtaa wa wenye nyumba za mawe. Watu wa Ayany walitaka steki ya Jumapili. Majirani zetu wa vyumba vya mabati walitaka robo yenye mfupa, mchuzi utoshe watoto. Dirisha la kioo lilikuwa mbele, nyama ikining'inia kwenye ndoano, na nyuma yake lilikaa gogo lililobonyea katikati kwa miaka ya kupigwa panga. Kila asubuhi ng'ombe alitufikia vipande vipande ndani ya sanduku la mabati nyuma ya baiskeli, paja lina muhuri wa zambarau wa mkaguzi. Nje, ukutani pa bucha, mama alitandaza mezani sukuma wiki, nyanya na dhania. Mtu alinunua chakula chote cha jioni bila kuvuka njia. Hata hivyo pote paliitwa kwa Mzee, yaani baba, na mama alikuwa akisema kwamba Mzee angeuza nyama kavu isiyo na kitunguu, tuone nani angemjia.

Walikutana Kawangware kabla sijazaliwa. Baba alikuwa ametoka Magharibi, anachoma mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, kando ya barabara. Mama alikuwa ametoka kando ya ziwa, anauza mboga ng'ambo ya barabara hiyohiyo. Baba alinunua sukuma kwake kila jioni, na kila jioni aliona wateja wengine wakiongezewa konzi ya majani, yeye haongezewi kitu. Mwisho akauliza kosa lake ni nini. Mama akamjibu kwamba nyongeza ni ya mtu mwenye watu nyumbani, yeye anapika peke yake, ataipeleka wapi? Baba aliisimulia hadithi hiyo kwa kila mgeni, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba alioa ili apate nyongeza yake. Mama naye, bila kuinua macho kwenye mboga, alisema bado anangoja.

Panga la bucha halikuguswa na mtu mwingine ila baba. Baba alizaa wasichana watupu, na kwa akili zake hilo lilimaanisha kwamba angekata nyama mpaka afe. Mimi, kifungua mimba, nilipomaliza shule alinipa mizani na magazeti ya kufungia, akaniambia nimefika mwisho wa kupanda cheo. Nilinuna, lakini nilikaa.

Kisha, katikati ya miaka ya tisini, asubuhi moja ya mvua, aliamka upande wa kulia umekufa ganzi. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitalini na bakora, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake. Baba mdogo akaja na shauri lililokwisha kuiva: kulikuwa na mwenye bucha Kawangware aliyekuwa tayari kuichukua yetu, gogo na ndoano na wateja. Mama alimkaribisha shemeji yake chai, akamsindikiza hadi njiani, akarudi akavaa ile aproni nyeupe ya baba. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu.

Siku ya kwanza aliharibu vibaya. Alikata nyama kama mtu anayeuza nyanya, kila mteja achague nzuri. Aliyetaka nyama tupu alipata nyama tupu, na aliyesema hataki mfupa hakupewa mfupa. Kumbe muuza nyama hugawa ng'ombe mzima. Mfupa humfuata kila mtu nyumbani, kidogo kidogo, na hakuna anayenung'unika kwa sababu jirani naye amepata wake. Kufikia saa sita mchana dirishani palibaki mbavu na mifupa ya miguu, myeupe, imening'inia kwa utaratibu mzuri. Vijana wa gereji ya jirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza, "Mathe, hii ng'ombe iko X-ray?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilijificha nyuma ya mizani nikacheka, na ninapokumbuka bado nacheka.

Baba alikuwa kwenye benchi nje, mgongo ameuelekeza dirishani. Aibu ilikuwa yake pia, na watu walikuwa wanamtazama. Akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mtu wa samaki atajua nini mambo ya ng'ombe? Mimi siwezi kula nyama imekatwa na mtu wa samaki."

Ilikuwa mzaha. Waluhya kama baba na Wajaluo kama mama, Kibera nzima walitaniana hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, na mama mwenyewe alikuwa na yake ya kumrudishia kuhusu watu wa kuku. Lakini siku hiyo hakumrudishia. Tulipopika ile mifupa jioni, baba alisukuma bakuli, akala ugali kwa sukuma. Kesho yake pia. Mzaha uliosemwa mbele ya watu ukageuka kiapo, na baba yangu alikuwa mtu wa kufia neno lake hata likiwa la kipuuzi. Akawa anakula omena, samaki wa mtu wa samaki, nyumbani kwa muuza nyama. Nilimkasirikia sana.

Mama hakulia. Aliniambia tukiosha gogo kwa chumvi, "Kibera yote ikule nyama yangu na bwanangu akatae, hiyo si bucha. Hiyo ni kibanda tu." Nikajua anachokitafuta. Wateja wangerudi au wasirudi, yeye alikuwa anamkatia mtu mmoja.

Basi akajifunza. Hakuna aliyemfundisha, au hivyo ndivyo baba alivyotaka ionekane. Alikaa palepale kwenye benchi kila siku, mgongo dirishani, anasalimiana na wapita njia. Lakini masikio yake yalikuwa ndani. Panga likipita kwenye maungio hutoa sauti fupi, laini. Likigonga mfupa katikati, linapasua vipande vinavyomvunja mtu meno. Mama akikosea, baba alikohoa. Mara moja tu, bila kugeuka. Mara ya kwanza nilidhani ni kifua. Mama alitangulia kuelewa. Alisimamisha panga hewani, akalisogeza upana wa kidole, akakata tena. Kimya.

Hivyo ndivyo bucha yetu ilivyoendeshwa miezi mingi, kwa panga na kikohozi. Walikuwa hawazungumzi kuhusu nyama hata kidogo, si bucha wala nyumbani, na sijawahi kuona watu wawili wakifanya kazi pamoja kama wale. Wateja walipungua, kisha wakaanza kurudi, kwanza wanawake. Mama alikuwa ameongeza jambo lake: juu ya nyongeza ya nyama aliweka shina la dhania kutoka mezani kwake. Wenye bucha wengine walisema anaharibu kazi. Ayany ikaja kufuata dhania.

Vikohozi navyo vikapungua. Sikuona vilipokwisha. Siku moja nilitambua tu kwamba tangu asubuhi sijakisikia hata kimoja, nikachungulia nje kuona kama baba yupo. Alikuwepo. Alikuwa anachora mchangani kwa bakora.

Ilikuwa Jumamosi jioni, foleni imefika kwa fundi viatu. Nilimwona baba akiinuka kwenye benchi. Nilifikiri anakwenda nyumbani. Akaenda zake mpaka mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Watu wakamwambia, Mzee, pita mbele, hii ni yako. Akakataa kwa kichwa. Akasogea na foleni, hatua na bakora, na mama alikuwa amemwona, kwa sababu aliwakatia waliomtangulia bila kuwatania hata mmoja, yeye ambaye hakuacha mteja bila mzaha.

Alipofika dirishani alisema, "Robo. Ya kidari. Weka mfupa."

Mama akashusha kidari, akakiweka juu ya gogo. Panga likapita kwenye maungio, sauti fupi. Nikapima, mizani ikatulia, nikafunga kwa gazeti, nikampa. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaibana kwapani. Hakuondoka.

"Na nyongeza?" akauliza.

Mama akafuta mikono kwenye ile aproni ndefu, akachukua muda wake. "Uko na watu nyumbani?"

"Niko nao," baba akasema. "Wananingoja."

Akamkatia. Kile kipande kilikuwa kikubwa kuliko robo yenyewe, na mimi mwenye mizani sikukipima. Akaongeza dhania yote iliyokuwa mezani.

Usiku huo baba alikula nyama kwa mkono wa kushoto, mkono aliotukataza kulia chakula tangu tukiwa wadogo, na mchuzi ulimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mama alikuwa ameketi mbele yake, hajagusa chakula. Baba alipofika kwenye mfupa aliugeuza taratibu mbele ya taa, akaangalia mahali panga lilipopita. Akakohoa. Mama akautazama ule mfupa, nami pia.

"Pilipili," akasema, na akaendelea kula.