Maji ya Somoe

Siku ya kwanza wodini nilikwenda na ufagio wangu. Nimesoma hadi darasa la tatu tu, nikajua uhudumu ni kufagia. Sista Msimamizi, mtawa mrefu asiyecheka, akauegemeza mlangoni, akanipa jagi.

"Wewe utanywesha," akasema.

Ilikuwa hospitali ya misheni huku chini, upande wa Masasi, wodi ya wenye fistula. Fistula ni tundu. Mama akikaa na uchungu muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana kibofu mpaka nyama inakufa, panatoboka, mkojo unavuja usiku na mchana. Daktari hulishona, kisha huweka mpira wa kupitishia mkojo uingie ndooni. Mpira lazima udondoshe mkojo. Ukiziba, kibofu hujaa na mshono hufumuka. Maji mengi ndiyo huusafisha.

Niliona kazi nyepesi. Lakini sisi wanawake wa Newala, huko juu mlimani, tumezoea kiu. Maji tuliteka mabondeni, na kupanda nayo ni kazi ya kifua. Mwenye fistula hujinyima zaidi, akidhani ataloana kidogo. Kumbe mkojo huwa mkali, humchoma mapaja na kunuka kuliko mwanzo.

Somoe alitoka Mnyambe, kwetu Newala. Mtoto alizaliwa mfu, mume akarudi kwao. Alikuwa ameshashonwa mara moja, mshono ukafumuka, sasa ameshonwa tena. Daktari Mkuu alimwambia mbele yangu, "Nyama iliyobaki ni kidogo. Huu ukifumuka, sina tena pa kushonea."

Kila nikimpa kikombe anapokea, "Asante, mama." Nikigeuka, kimeisha. Asubuhi moja nikakuta mpira haudondoshi, tumbo limevimba chini ya kitovu. Sista akaja na bomba la sindano, akasukuma maji taratibu mpaka mpira ukazibuka. Mkojo ulitoka mzito kama chai ya rangi.

"Huyu hanywi," akasema.

"Anakunywa, Sista. Nampa mwenyewe."

Mama Asumini, wa kitanda cha pili, akacheka. "Anakunywa? Hebu chungulieni mvunguni!"

Palikuwa na ndoo imejaa maji, imefunikwa kanga.

"Ya nini haya, Somoe?"

"Ya kufulia matambara, mama. Nyumbani mama yangu ndiye ananitekea, ameshachoka. Maji meupe hivi niyanywe yote, kesho nifulie nini?"

Sista aliivuta ndoo kutoka mvunguni. "Mpeleke bombani," akaniambia.

Nikamshikia ndoo ya mkojo, tukaenda polepole. Nikafungua koki, nikaiacha.

"Funga, mama! Yanamwagika!"

"Hayaishi."

"Ya nani?"

"Yako. Kunywa, au nikumwagie kichwani."

Akacheka kwa kujizuia, akiogopea mshono, akakinga viganja. Alikunywa mpaka akacheua. Tangu hapo nilikaa naye kila kikombe, nami nakunywa changu.

Mpira ulipoondolewa, asubuhi yake Daktari Mkuu alipitisha mkono juu ya shuka. "Kavu," akasema, akaenda kitanda kingine. Somoe akabaki anaipapasa, hapa na pale, kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

Sasa nimestaafu, magoti yameisha. Wahudumu wapya wakija kunisalimia huniuliza habari za Somoe, maana hadithi yake inapendeza kusikia. Nawasimulia. Kisha nawaambia na ya Mama Asumini, yule aliyecheka. Alishonwa, akashonwa tena, hakukauka. Na yeye alikunywa kila kikombe nilichompa.