Rubeni Alivyoturushia Dawa Ng'ambo ya Mto

Ninyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza, maana sirudii. Harufu ya mvua ikipiga lami ya moto hapa Arlington, Amerika, ninyi mnaipenda, mnafungua madirisha muivute. Mimi nayafunga. Inanirudisha Tanzania, kwenye makazi yetu sisi wakimbizi tuliotoka Burundi, masika yale ambayo mto ulibeba daraja na watoto wakaanza kuhara. Kila mahali palinuka tope, moshi wa kuni mbichi na nguo za wagonjwa zilizolowekwa kwa majivu. Mdogo wangu Leonidasi alikuwa bado ananyonya. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni wakati mama anapanga foleni zahanati, na kila mara nilimfinya mguu ili alie. Akilia, na mimi napumua. Asubuhi moja nilimfinya, hakulia.

Zahanati dawa zilikuwa zimekwisha. Sista aliyetuuguza alisema tumngoje Rubeni. Huyo alikuwa mtu wa visiwa vya huko Amerika, mrefu, mweusi kama sisi, hata tulidhani ni wa kwetu mpaka alipofungua mdomo. Alikuwa mchezaji wa besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, wa kulipwa kabisa, akauacha mpira akaja kuendesha lori la misaada. Besiboli yenyewe hatukuijua. Sisi tulijua lori lake tu, na unga, na mablanketi. Tukashuka wote mtoni. Lori tuliliona, lakini ng'ambo ya pili, na katikati maji mekundu yanazungusha miti mizima. Hakuna mtumbwi, hakuna kamba. Mama alimtoa Leonidasi mgongoni kwangu, akamfinya tumboni, ngozi ikabaki imekunjika pale pale kwa kukaukiwa maji. Alimrudisha akamfunga upya, akaikaza nguo mpaka nikaumia.

Rubeni akashuka na kitu cheupe, ukubwa wa ngumi. Akarudi nyuma, akainua mguu, akapeleka mkono nyuma ya kichwa. Mama Felesiana, jirani yetu, akapiga ukelele, "Laleni! Anarusha bomu!" Watu wote chini. Msicheke. Kwetu tulikuwa tumeona watu wanaoinua mkono namna ile, na tuliona nyumba walizoziacha nyuma. Nililala kifudifudi kwenye tope, Leonidasi juu yangu, nikaona aibu kwamba yeye ndiye ananikinga. Kile kitu kikaanguka karibu, puu. Kikakaa. Hakuna aliyekisogelea. Rubeni anapiga kelele, mto unazimeza. Akarusha kingine, tukazidi kujibana na ardhi. Na mtoto mgongoni anapumua mara moja moja, mimi nahesabu pumzi zile huku nimefumba macho.

Nilipofumbua, Rubeni alikuwa amepiga magoti pale ng'ambo. Alifungua kifurushi kingine, akamimina unga wake kwenye chupa ya maji, akatikisa, akanywa yote mbele yetu. Kisha akainua mikono miwili mitupu, akasimama hivyo kama mtu anayesali. Ndipo mama akanyanyuka, peke yake, tope mpaka puani. Akafungua kitenge chake kiunoni, akabaki na gauni la ndani mbele ya umati. "Mama Felesiana, shika huku!"

"Likilipuka je?"

"Tutalipuka pamoja. Shika!"

Wakakitandaza, maana vile vya kwanza vilikuwa vimepasukia topeni. Kimoja mto ulikichukua. Kilichofuata kilipita juu ya maji yale yote kikatua katikati ya kitenge, kama kimewekwa kwa mkono. Paketi za chumvi na sukari, za kukoroga kwenye maji, zimefungwa kwa vipande vya shuka. "Bomu lenyewe ndilo hili, mama?" watu wakamtania Mama Felesiana. "Mbona limekuchafua sketi tu?" Sista alikoroga, mama akanywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Jua lilikuwa linashuka Leonidasi aliponikojolea mgongoni. Mama akapiga vigelegele. Sijapata tena kufurahia mkojo wa mtu.

Rubeni alikufa baadaye, kwenye nchi nyingine yenye vita, lori lilipopinduka na unga wa watu. Katekista alitutangazia kanisani. Wanawake wengi tuliozaa miaka ya mbele tukaita watoto Rubeni. Wangu ndiye huyu ninayekaa kwake. Leonidasi ana mvi sasa, yuko Pearland, pembeni mwa Houston, mbali na hapa, anafanya usafi hospitalini Houston. Wajukuu zangu wanacheza besiboli, na mimi uwanjani nakaa ndani ya gari, maana mkono ukiinuka tu kichwa changu kinainama chenyewe. Zamani tulikuwa na kitenge kimoja na mto mmoja. Leo tuna magari mlangoni na duka kila kona, na hofu haijapungua hata kidogo.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa kubwa kule Houston. Leonidasi akapiga simu. "Dada, maji yamefika barazani. Umeme hakuna, na ya bomba wametukataza kunywa. Usihangaike."

"Sijakuomba ruhusa ya kuhangaika," nikamjibu. Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Wajukuu walikuwa wamevaa sare tayari. Anita, mkubwa wao, alikuwa na simu yake. "Bibi, huyo Rubeni wako nimemtafuta. Hakuwa staa. Alicheza kidogo tu, halafu aka-quit."

"Mama, leo ni fainali," mwanangu naye akasema.

Nikasimama mlangoni. "Hakuna mchezo leo. Magongo na glavu vitoke kwenye gari, yaingie maji, mchele na dawa. Rubeni, washa gari, tunakwenda Pearland."