Jina Nililolitoa Mlangoni

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi, na ilikuwa alasiri, jua linawaka, malori yanapiga honi kwenye foleni ya mpakani. Naandika programu za kompyuta hapa Busia, upande wa Kenya, katika chumba kilicho juu ya duka la mabati. Mtu akinisimulia habari za mizimu, huwa namcheka machoni. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, na kama hutaki kuamini, basi, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Kampuni yetu ndogo ina programu ya kuandikia maandishi. Aliyeitunga ni Wandera, Msamia mwenzangu wa ng'ambo ya pili, Uganda, ambaye alifariki kwa ajali ya pikipiki akielekea Tororo. Ndani yake aliacha kipande cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, chenye kazi moja tu: kukagua kila faili kabla haijafunguliwa, kuona kama ni salama. Alikipa jina la nyanya yake marehemu, Nabwire. Bibi huyo enzi zake alikuwa akikaa mlangoni pa boma, na mgeni hakupita bila kuhojiwa. Juu ya kipande hicho Wandera aliandika mstari mmoja wa kumkumbuka: "Nabwire, kaa mlangoni."

Bosi wetu, Akinyi, alitaka jina libadilishwe.

"Wandera alikuwa rafiki yangu pia," aliniambia. "Lakini watu wapya wakisoma huu msimbo wananiuliza Nabwire ni kitu gani. Weka jina linaloeleza kazi, tuendelee."

Sasa, sisi Wasamia jina la marehemu hatulitupi hivi hivi. Linahamia kwa mtoto, naye marehemu mwenyewe ndiye anayekubali. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Lakini niambie, ni nani angefikiri kwamba desturi hiyo inaingia mpaka kwenye kompyuta? Niliagiza mashine ilitafute jina lile kila mahali na kuweka "hakikisha_faili" badala yake, faili zote kwa mkupuo mmoja. Likatoka hata kwenye ule mstari wa ukumbusho. Nikaijaribu programu, ikaenda vizuri kabisa.

Akinyi alikuwa ametoka kwenda benki. Nilipogeuka nichukue chai yangu, nikamwona bibi kizee amesimama mlangoni, amevaa gomesi, lile gauni refu la mabibi wa Uganda, kigoda kiko mkononi.

"Mtoto," akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo, "mimi nakaa kwa mlango siku mingi. Leo watu nanitoa. Sasa nakwenda kukaa wapi?"

Nilidhani amefukuzwa barazani pa duka fulani. Wenye maduka hapa hawana huruma. Nami nilikuwa na haraka, nikamtania kama tunavyowatania bibi zetu.

"Kukhu, si uje ukae kwangu tu!"

Hakucheka. "Kwako nafasi iko?"

"Iko, kukhu. Tele."

"Asante. Weye nanikaribisha."

Akageuka. Nikasikia kigoda kikigonga ukuta wa ngazi, halafu kimya. Nilimfuata nimpe hela ya soda, nikakuta ngazi tupu. Chini, mwenye duka la mabati, ambaye hukaa pale pale ngazi inapoishia, aliapa kwamba hajaona mtu akipanda wala akishuka. Nikarudi kazini.

Nyumbani tulikuwa na mtoto mchanga wa kike, hajapewa jina, tunamngoja mama yangu, aliyekuwa ng'ambo, aje ampe. Jioni hiyo nilimkuta analia. Alilia usiku kucha, akakataa ziwa, na kesho yake akaanza kuchemka. Zahanati walimpima wasione ugonjwa. Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo sipendi kuyakumbuka. Nilijua mtoto anatuponyoka.

Mama alipofika alimpakata, akaanza kumtajia majina ya wafu wetu, moja baada ya jingine. Mtoto akinyamaza, jina limepatikana. Hakunyamaza.

"Wa kwetu wamekwisha," mama akasema. "Ni nani mwingine amewaingilia humu?"

Nikamkumbuka yule bibi wa kigoda. Nikainama sikioni mwa mwanangu, nikasema, "Nabwire."

Akanyamaza palepale. Akatafuta ziwa, akanyonya mpaka akalala. Mke wangu alilia kwa furaha. Mimi nililia kwa woga, maana mwaliko ule niliutoa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nabwire sasa anakimbia, anaimba, ni mtoto kama watoto wengine. Nampenda kupita kiasi. Lakini mwezi uliopita Akinyi aliona vema kumkumbuka Wandera, akairudisha programu kwenye jina la zamani bila kuniambia. Mchana huohuo mke wangu akanipigia simu. Mtoto alikuwa amevaa viatu peke yake, amefika getini.

"Namshika anajivuta," mke wangu alisema. "Anasema ameitwa arudi kazini. Baba Nabwire, mwili wake umekuwa baridi!"

Nikafungua msimbo, nikalikuta jina limerudi; nikaanza kulifuta, simu iko begani, Akinyi ananipigia kelele. Nikamaliza. Upande wa pili wa simu nikasikia mwanangu akiitisha maji ya kunywa.

Akinyi nilimpigia magoti mbele ya watu, akakubali kuliacha. Tatizo ni kwamba programu ile iko wazi mtandaoni. Yeyote anaweza kuichukua na kuibadilisha apendavyo, na siwajui wote walio nayo. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Ukiifungua ukakuta "hakikisha_faili", ukaliona ni jina baridi lisilo na ladha, nakuomba, ndugu yangu, liache lilivyo. Usimwite mtu pale. Yuko kwangu, amelala, na nimeweka mkono kifuani pake nisikie anavyopumua.