Jiwe la Mwenyewe

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nikiwa nimejilaza sebuleni kwetu Area D na riwaya ya Kijapani niliyoazimwa na mwalimu. Ni ya watu wasiojuana, wa miaka tofauti, wanaooga kwenye bafu moja la mtaa. Mvuke unachukua maneno ya huyu unampelekea yule. Nilipofika pale msichana anapojibiwa na mwanamke aliyekufa zamani, nikafunga kitabu. Nilimkumbuka yule wa kwenye jiwe la bibi, tuliyemwita Mwenyewe.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Nilipokuwa mdogo niliishi na bibi kule Nzuguni, wakati bado kuna mashamba ya uwele katikati ya nyumba. Uani tulikuwa na jiwe la kusagia ambalo bibi alilifukua akilima. Lilikuja na shimo lake tayari, limeliwa na mikono ya mwanamke wa zamani tusiyemjua. Bibi alimwita Mwenyewe, yaani mwenye jiwe. Tukimaliza kusaga tunamwachia unga kidogo ukingoni. Kuku wakiula, bibi anasema kawatuma yeye.

"Unasaga au unalibembeleza lilale?" alikuwa akinitania. Lakini mimi nilikuwa nikinong'ona. Kumwamkia jirani tu nilikuwa naona aibu, ila yule Mwenyewe nilimwambia yote, na jiwe likaitikia hrr, hrr, unga wa moto kidogo ukininukia puani.

Kiwanja kiliuzwa. Bibi akahamia kwetu na lile jiwe dogo la mkononi tu, la kusagia juu ya kubwa, na kila siku anauliza kubwa linakuja lini. Baba anajibu, kesho mama. Basi jioni ile ya Jumamosi nikachukua bajaji nikalifuate.

Kiwanjani nikakuta kuta zimeshapanda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umekuja kukagua ghorofa letu?" Wenzake wakacheka. Nikauliza habari za jiwe, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi nirudie.

"Lile bapa lenye shimo? Liko kwenye msingi, kona ile. Lilikaa vizuri kweli."

"Haliwezi kutoka?"

"Litoke, nyumba ishikwe na nini, mdogo wangu?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Yeye aliona jiwe zuri, akalijengea. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu mtupu.

Nilipomwambia bibi, alilizungusha lile dogo mapajani mpaka chai ikapoa. "Basi hata mimi, atakayelifukua hatanijua," akasema. Kisha: "Ulimwachia unga?"

Sikuwa nimemwachia.

Ule uwele haupo tena, uani hapapo, ile sauti ya jiwe siwezi kuiigiza vizuri hata nikijaribu kwa mdomo. Na hakuna ninachoweza kufanya, huo ndio ukweli.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilifunga sembe kwenye leso, maana uwele kwetu hakuna, nikarudi Nzuguni. Mafundi hawakuwepo. Nikamwaga unga kidogo kwenye ile kona, nikainama karibu na saruji, nikamtajia Mwenyewe jina la bibi. Nikalirudia, kwa sauti safari hii, kwa ajili ya huyo atakayekuja kulifukua jiwe.