Nzuri, Ila?

Huku kwetu Simiyu ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama umetoka kuzika. Msiba wenyewe unafuata baada ya neno "ila".

Juzi nilikuwa Bariadi, kwenye ofisi ya watu wa uokoaji, nikitaka kumhoji kiongozi wao, mama mtu mzima. Kabla sijauliza swali, akaingia kijana wa kujitolea aliyetoka kwenye mafuriko ya Bukundi, ameshika buti moja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za Bukundi?"

"Nzuri."

Mama akavua miwani. "Nzuri, ila?"

"Ila buti moja limebaki kwenye tope."

"Pole. Ila?"

"Ila barabara ni mbovu."

"Naijua. Ila?"

Kijana akaanza kubandua tope kwenye buti kwa kucha, taratibu, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. Mama hakumhimiza.

"Ila kuna mtoto, mama. Nilikuwa nimemshika mkono, maji yakamchukua." Akafungua kiganja, akakitazama. "Mpaka sasa nausikia mkono wake hapa."

Mama akavuta kiti, akakiweka karibu na chake. Mimi akanionyesha mlango kwa kidevu.

Mahojiano hayakufanyika, na sidhani kama gazeti limepungukiwa.

Getini mlinzi akanisalimia, "Habari za ndani?"

Nikajibu nzuri, kisha nikasimama pale pale, nikisubiri aniulize ila.

Akanifungulia geti.