Kaka Alipokuja Mugango Kupumzika

Kwetu Mugango hakuna anayekuja ziwani kupumzika. Watu huja kununua dagaa, kuoa, kuzika, au kumtafuta mtu aliyetoroka nyumbani. Kwa hiyo kaka yangu Stanslaus aliposhuka na begi lake dogo na kusema amekuja kukaa tu, aangalie maji, majirani zangu walicheka waziwazi. Kabla jua halijazama walikuwa wameshaanza kumwita Mtalii.

Hakuwa mtalii. Alikuwa mkulima wa pamba kutoka Bunda vijijini, mtu wa jembe na ng'ombe, ambaye tangu tumzike binti yake wa pekee, Wankyo, kichwa kilikuwa hakimpi nafasi. Kilianzia upande mmoja, nyuma ya jicho. Alikuwa anaona vitu vinametameta pembeni, kisha anatapika na kulala gizani kutwa nzima. Daktari alisema ni kipandauso, akampa dawa, akamwambia akae mbali na jua la shambani na mbali na mawazo. Dawa alimeza. Mbali na mawazo ni wapi, daktari hakumwelekeza.

Wankyo aliondoka mwaka jana, akiwa kidato cha tatu, kwa homa ya uti wa mgongo. Ilianza na kichwa. Basi watu, ambao midomo yao haina likizo, wakasema baba amerithi kichwa cha mwanawe. Niliwatukana mbele ya wageni, na nikiwasikia tena nitawatukana tena.

Mkewe, wifi Dafroza, mtu wa Butiama, ndiye aliyenipigia simu. "Wifi, mchukue kaka yako kidogo," alisema. "Hapa nyumbani hataji jina la mtoto. Mimi nikilitaja, anatoka nje. Tunaishi kama wapangaji."

Nilimpa chumba cha nyuma, nikatundika blanketi dirishani. Alfajiri alienda kukaa kwenye majabali, miguu majini, akiangalia mitumbwi ya dagaa inavyorudi. Jua likipanda tu, ziwa lilianza kumeta, naye akarudi ndani na khanga yangu mbichi usoni. Asubuhi moja aling'ang'ania kunisaidia kugeuza dagaa. Nilimkataza, lakini wanaume wa ng'ombe hawaambiliki. Dagaa waliotandazwa kwenye nyavu mchangani humeta jua likiwa kali, huwezi kuwatazama hata kama kichwa chako ni kizima. Hakumaliza wavu mmoja. Tulimbeba mimi na mwanangu Jastin, naye anatapika huku akituomba radhi kwa dagaa aliowakanyaga.

Wasichana wa shule walipopita ufukweni jioni, kaka aliwatazama mpaka wapotee nyuma ya majabali. Hakuwa akitazama nyuso zao, alikuwa akitazama yale masweta. Mimi nilijifanya naparua samaki.

Sasa niseme lililokuwa moyoni mwangu, maana sikumkubalia wifi haraka vile kwa ajili ya upepo wa ziwa. Hilda, mke wa Jastin, msichana wa Kamunyonge mjini, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto hapewi jina la kuokota. Hupewa la mtu wetu aliyetangulia, na tunasema mtu huyo amerudi. Mtoto akiwa analia, majina huitwa moja moja, na lile atakalonyamaza akishika titi ndilo lake. Ila marehemu akiwa mtoto wa watu, mzazi wake lazima aridhie kwanza. Mimi ni shangazi yake Wankyo. Nilimtaka arudi, nilimtaka hata kwa kumburuta.

Nilimfuata kaka kwenye majabali.

"Kaka, mtoto wa Hilda hajapata jina."

"Mpeni."

"Tunataka la mtoto wako."

Alitoa miguu majini, akaipangusa kwa shati lake kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Yunis, mkimwita huyo mtoto, mimi nitageuka. Kila mkimwita nitageuka, nione nani anakuja. Unataka niwe nageuka mpaka lini?"

"Geuka, umwone mtoto anakuja. Kuna ubaya gani?"

"Hatakuwa yeye."

"Atakuwa ndiyo yeye! Si ndivyo tulivyokuwaga tangu bibi zetu? Wewe mwenyewe una jina la nani?"

"Najua," alisema. "Lakini mniachie kwanza. Bado ninaye."

Niliondoka nimenuna. Unamwambia nini mtu anayesema bado anaye? Nilipika ugali mgumu siku ile, na alijua kwa nini.

Mtoto naye hakutusubiri. Alilia asubuhi, akalia mchana, na kila sauti yake ilipita kwenye kichwa cha kaka kama msumari. Hatukuweza kumnyamazisha mtoto kwa ajili ya mgonjwa, wala kumhamisha mgonjwa kwa ajili ya mtoto. Mwishowe mama mkwe wangu, bibi Gati, aliketi mkekani akasema imetosha, huyu anadai jina lake, na tukiendelea kumchelewesha tutamuumiza. Alikuwa tayari na la mama yake mzazi, Nyangi. Sikuwa na la kupinga. Mwenye Wankyo alikuwa amekataa, tena asubuhi hiyo alikuwa amelala chumba cha nyuma, kichwa kimemkamata vibaya, hata chai hakuinusa.

Hapa niwaambie jambo ambalo wanawake tunalijua na hatulisemi mbele ya wanaume. Huwa tunasaidia. Majina tusiyoyataka, mama anachelewa kutoa titi. Likifika lile tunalolitaka, titi linakuwa tayari mdomoni. Mtoto mwenye njaa atanyamazia jina lolote. Hatudanganyi, tunamsukuma kidogo tu huyo anayerudi, asipotee njia. Hilda, wa mjini, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Bibi Gati akaanza na majina ya kupita, yale tusiyoyataka, na mtoto analia. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Kaka alisimama hapo ameshika ukuta, khanga mbichi begani, jicho moja amelifumba kwa maumivu.

"Ngojeni," alisema. "Nimwite mwenyewe."

Nilimsogelea Hilda, nikamgusa kiwiko. Akaelewa, akaweka titi tayari.

Nilidhani atanong'ona, kwa jinsi alivyokuwa anaumwa. Hakunong'ona. Alivuta pumzi akaita, "Wankyo! Wankyo wee!" Kuku walitoka mbio mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwake tangu makaburini.

Mtoto alizidi kulia. Hilda alimpa titi, mtoto akageuza uso. Nilimbonyeza Hilda kiwiko, akajaribu upande wa pili. Mtoto akalitema, akakunja ngumi, akalia mpaka akawa mwekundu. Kaka akaita tena, sasa kwa sauti ya chini kidogo, kama anayebembeleza. Hilda alikuwa analia na yeye, maziwa yanamchuruzika tumboni, na mtoto hataki. Sijawahi kuona. Nimekaa kwenye mikeka ya majina tangu nilipoolewa, na sijawahi kuona mtoto mwenye njaa anakataa hivyo.

Tulikaa hatujui pa kutazama. Kisha bibi Gati, kwa uchovu tu, alisema, "Nyangi." Mtoto akashika titi, akanyonya.

Tulisikia anavyomeza. Hakuna aliyepiga vigelegele. Kaka alisogea polepole, akainama, akaugusa unyayo wa mtoto kwa kidole kimoja.

"Karibu, Nyangi," alisema. "Karibu kwetu."

Halafu akatoka nje kwenye jua kali, bila kitu kichwani.

Nilimkimbilia. Nilikuwa na hasira na kitoto kile, Mungu anisamehe, hasira ya kweli ya kutaka kukifinya. Nilimkuta ameketi mchangani, uso ameuelekeza kwenye yale maji yanayometa, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Nilisimama upande wa jua ili kivuli changu kimkinge.

"Kaka, tutarudia jioni," nilisema. "Tumbo lilikuwa linamsumbua. Watoto wanakuwaga hivyo. Bibi Gati ataelewa, tutarudia."

"Hapana. Msirudie."

"Uliridhia. Umekuja mwenyewe ukaridhia. Sasa kwa nini…"

"Nililala mle ndani nikasikia mnataka kumaliza," alisema. "Nikaona nikinyamaza, nitakuwa nimemfungia mlango. Nikaja. Na wakati namwita, nilikuwa naogopa ataitika. Hakuitika, kumbe nilikuwa nataka aitike, Yunis. Nilitaka mpaka kichwa kikaacha kuuma."

Nilisogea, kivuli changu kimfunike usoni.

"Unajua nilivyomwita?" aliniuliza. "Ndivyo nilivyokuwaga namwita jioni, akiwa kwa kina rafiki zake ng'ambo ya mto. Sauti ile ile. Hata kama anacheza, hata kama amenuna, hata kama nilimchapa siku hiyo, alikuwa anakuja. Hakuna siku nilimwita vile na hakuja."

Alishika mchanga, akauachia.

"Kama hakuja kwa sauti ile, basi hayupo."

Nilitaka kumbishia. Nilikuwa na maneno ya bibi zetu yote mdomoni, kwamba atarudi kwa mtoto mwingine, mwaka mwingine. Lakini alikuwa ananitazama, ananingoja nimjibu.

"Ndiyo, kaka," nilisema. "Wankyo hayupo."

Nikakaa chini pembeni yake tukalia wote wawili, na watu wa dagaa wakatupisha.