Rangi ya Sakafu ya Zamani

Kang Teng-ho aliandika masharti ya ujenzi katika ofisi ya wilaya, kusini mwa Taiwani, kwa miaka ishirini na minne. Wahandisi walichora, naye akaandika yale ambayo mchoro hauwezi kusema: saruji ya namna gani, mbao za unene gani, ukuta ukauke siku ngapi. Kila ukurasa aliugonga muhuri mwekundu wenye jina la ukoo wake, na katika muda huo wote hakuna mkandarasi aliyerudi na sentensi yake mkononi kuuliza ilitaka nini.

Shule ya msingi ya mjini ilipotakiwa kujengwa upya, aliandika kwamba sakafu za madarasa ziwe za terazo, saruji yenye kokoto inayosuguliwa hadi ing'ae, rangi na kokoto zake zilingane na za jengo la zamani. Jengo hilo lilikuwa bado limesimama. Mkandarasi angekwenda kulitazama, akate kipande cha mfano, basi.

Lakini mwezi wa saba wa kalenda ya zamani ulikuwa unakaribia, mwezi ambao wafu hutembea, na hakuna fundi mwenye akili zake anayebomoa nyumba wakati huo. Ofisi ikaharakisha. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, jengo likawa kifusi, na kifusi kikapelekwa kujazia barabara. Mkataba wa jengo jipya ulitiwa saini mwezi wa nane.

Mkandarasi, Chiu Bok-sui, aliwauliza watu waliosoma pale, akamwaga terazo ya kijivu yenye kokoto za kijani. Mwalimu mkuu alipoingia akasema ile ya zamani ilikuwa nyekundu. Ofisi ikaamuru sakafu za madarasa yote tisa zivunjwe. Chiu akaleta madai: alipwe gharama ya kuvunja na kumwaga upya, na aongezewe siku arobaini.

"Kaka Kang," alisema, akiweka karatasi mezani, "hebu isome mwenyewe. Nilinganishe na nini? Nikachimbue barabara?"

"Ungeuliza."

"Nimeuliza watu kumi na mmoja. Sita wanasema kijivu, wanne nyekundu, na shangazi yangu anasema ilikuwa ya mbao. Ila yeye shule alitoroka darasa la pili."

Teng-ho alijizuia kucheka.

Alasiri hiyo mkuu wa kitengo, Liao, alimwita.

"Mzee Kang, andika kwamba mkandarasi alikuwa na wajibu wa kutuuliza kwa maandishi kabla ya kumwaga. Mistari mitatu tu. Si limo kwenye masharti ya jumla?"

"Limo, mkuu. Lakini angetuuliza, tungemjibu nini?"

Liao alijimiminia chai. "Ukiandika vingine, kosa halitakuwa la ofisi. Muhuri ulioko pale ni wako."

"Naujua muhuri wangu."

"Na marehemu baba yako alifundisha shule hiyohiyo. Watu watasema mtoto wa mwalimu hajui kuandika."

Hilo lilimwingia. Kwa upande mwingine, mistari mitatu ingemfanya Chiu avunje sakafu kwa mfuko wake, na kampuni ndogo kama ile isingeuona mwaka mpya. Kwa siku mbili Teng-ho alikuwa akiisoma sentensi yake ya sakafu mezani nyumbani, chakula kikipoa.

Siku ya tatu aliandika ukurasa mmoja. Alieleza kwamba sharti lilimtaka mkandarasi afuate kitu ambacho ofisi ilikwisha kukibomoa kabla ya mkataba. Kwamba yeye mwandishi alijua tarehe ya kubomoa imeharakishwa, wala hakurudi kurekebisha maneno yake. Kwamba mkandarasi hakukosea. Akaugonga muhuri.

Madai yakakubaliwa. Teng-ho akahamishiwa chumba cha kutunzia michoro, na huko akakaa hadi alipostaafu. Mjini watu walisema kama Liao alivyobashiri, kwa miezi kadhaa, kisha wakapata mengine ya kusema.

Katika jalada lake la utumishi upo mstari unaotaja uzembe katika kuandika masharti. Baada ya mazishi ya Teng-ho, ndugu mmoja aliwashauri watoto wa marehemu waombe ufutwe. Walimjibu kwa adabu kwamba mstari huo umebandikwa pamoja na ukurasa uliousababisha, ukifutwa ukurasa nao utaondolewa, na ukurasa ule familia inataka ubaki.